Foleni ya mtoto itengwe na ya mwajiriwa

Mhariri, juma hili mmetuuliza ni foleni gani ya serikali ambayo msomaji angeifupisha kwanza lau angepewa uwezo. Najua wengi watataja pasipoti na hati za mashamba. Mimi nataja foleni ya watoto wanaosubiri kupimwa ulemavu, na nasema hivyo nikiwa mwalimu wa chekechea huku Njoro, kaunti ya Nakuru, ambaye kila mwaka mpya huletewa mtoto asiye na ripoti na kuambiwa, "Mwalimu, tunangoja karatasi."

Kwa asiyeijua njia hii: mtoto hupelekwa hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, akaangaliwa na jopo, kwa kuwa saini ya daktari mmoja haitoshi. Fomu ikishaidhinishwa ndipo Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu linamsajili na kumpa kadi. Hapo bado hajapata shule. Kwa mambo ya shule hupimwa upya kwenye kituo cha tathmini ya elimu, vile vituo tunavyoviita EARC, vilivyoanzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Vipimo viwili, na mama anajibu maswali yaleyale: alilia alipozaliwa? Alikaa lini? Shingo ilikaza lini?

Niliwahi kumsindikiza jirani yangu ambaye mwanawe ana mtindio wa ubongo. Mtoto wa miaka sita si wa kubebwa mgongoni, lakini atabebwa vipi? Kwenye matatu makanga alidai nauli ya viti viwili kwa sababu miguu ya mtoto haikunjiki. Hospitali yenyewe, siitaji jina, hupima siku moja tu kwa wiki. Madaktari wawili walikuwapo, wakatia saini. Wa tatu alikuwa semina. "Mama, rudi wiki ijayo," karani akasema, bila ubaya wowote, na fomu ikarudi kwenye rundo. Jirani yangu alishazoea. Mara ya kwanza alikutana na mgomo wa madaktari wa 2024, ule wa Machi hadi Mei, na aliporudi akaambiwa aanze upya.

Sababu ya ukali huu inaeleweka. Mwenye kadi, akipewa cheti cha msamaha, hatozwi kodi ya mapato kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi. Hiyo ni pesa, na penye pesa wajanja hawakosi, kwa hiyo mlango umewekewa makufuli. Sawa. Lakini mtoto wa miaka mitatu anakwepa kodi gani? Anapitishwa mlango uleule, jopo lilelile, rundo lilelile na mtu wa mshahara.

Na mwili wa mtoto haungoji. Aliyezaliwa nyayo zimepinda ndani, akiwahiwa wiki za mwanzo, hunyooshwa kwa plasta. Akichelewa mambo huwa magumu zaidi. Asiyesikia akijulikana mapema hupata lugha mapema, iwe ya mdomo au ya ishara. Misuli isiyonyooshwa hukakamaa. Kijiji cha pili kutoka hapa kuna kiti cha magurudumu kilichofika kikiwa kidogo kwa mtoto aliyepimiwa. Sasa kinabeba madumu ya maji. Hata takwimu za ulemavu za sensa ya 2019 zinaanzia umri wa miaka 5, kana kwamba kabla ya hapo hakuna wa kuhesabiwa. Sheria haikosekani, nyingine mpya ilitiwa saini 2025.

Ningeigawa foleni. Anayetaka msamaha wa kodi au wa ushuru wa gari aendelee na jopo lake. Mtoto apewe barua ya muda palepale anapochanjwa, na barua hiyo itambuliwe na shule, na EARC, na chumba cha mazoezi ya viungo, huku jopo likimalizia kazi yake polepole. Akija kuonekana hana ulemavu, serikali itakuwa imepoteza nini? Mazoezi machache ya miguu. Zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, mpango wa serikali wa fedha za msaada, kwa wenye ulemavu mkubwa, hizo naweza kukubali zingoje jopo, ingawa jirani yangu hatapenda kusikia hivyo. (Kuna pia nyanya wanaolea wajukuu wasio na cheti cha kuzaliwa, lakini hiyo ni foleni nyingine, niiache.)

Mzazi unayesoma haya, usingoje kadi ndipo uanze kliniki ya mazoezi. Piga simu kabla ya kupanda matatu, uulize kama jopo zima litakuwapo siku hiyo. Na kila karatasi itoe kopi kabla hujaiacha kaunta, kwa sababu EARC nao wataitaka.