Shule yenye jina au ya jirani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yetu wa miaka sita anaanza darasa la kwanza. Mume wangu anataka shule yenye jina, inayoongoza kwenye mitihani, ila basi lake litampitia saa kumi na moja alfajiri. Mimi navutwa na shule ndogo ya jirani, tunayoweza kumpeleka kwa miguu. Matokeo yake ni ya wastani. Tumebishana hadi tumechoka. Tuchague ipi?
Mama Binti

JIBU: Marahaba, mama. Baba naye msalimie. Hoja yake haipuuzwi, ila haijakamilika. Matokeo mazuri huweza kutokana na ufundishaji, na huweza kutokana na mchujo. Shule inayopokea waliofaulu usaili tu, kisha ikawakaririsha darasa au kuwahamisha wanaosuasua kabla ya mtihani wa mwisho, itaongoza hata kama walimu wake ni wa kawaida. Muulizeni mwalimu mkuu: hawa waliomaliza mwaka jana, walipoanza darasa la kwanza walikuwa wangapi, na wangapi kati yao walifika kwenye mtihani? Akianza kuwaonyesha vikombe vya kabatini, mmeshajibiwa.

Kisha ombeni madaftari. Nimefundisha madarasa ya chini miaka mingi, na ninachokiamini ni daftari la mtoto wa katikati, si lile la mwanafunzi bora mtakaloletewa mezani. Mkikuta hati safi, vema kila mstari, na watoto wote wana sentensi zilezile, hao wananakili ubaoni. Tafuteni kosa. Mtoto kaandika 8 + 5 = 12. Je, mwalimu kakata tu kwa wino mwekundu, au kachora vijiti pembeni, na chini yake mtoto karudia hesabu mwenyewe? Mimi ukurasa huo wa pili ungenivuta kuliko jengo la ghorofa.

Nendeni siku ya kawaida, si siku ya wazazi. Simameni nje ya darasa la kwanza mkisikiliza mwalimu anavyomjibu aliyekosea. Wenzake wakimcheka na mwalimu naye akacheka, ageni mwondoke. Vyoo vya watoto viangalieni wenyewe. Ada ulizeni jumla yake, pamoja na basi, sare na michango.

Sasa hiyo alfajiri. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale kwa muda wa saa 9 hadi 12 kila siku. Basi la saa kumi na moja maana yake kuamshwa saa kumi na nusu, kwa hiyo ili apate hicho kiwango cha chini tu, saa moja na nusu usiku awe keshalala. Akirudi jioni, atacheza saa ngapi? Baba mwenyewe ataonana naye saa ngapi?

Kwa mlivyoeleza, ningeanza na ya jirani, mradi madaftari yake yaniridhishe. Akishasoma na kuandika bila kusukumwa, kuhamia shule ya mbali akiwa mkubwa zaidi si kazi ngumu. Na kama huko jirani nako wananakili tu, msijifunge kwa hizi mbili. Tafuteni ya tatu.