Ukibadilisha kimea, badilisha na mwanya wa kinu

Mwaka wangu wa kwanza wa kutengeneza bia nyumbani, hapa London, nilitumia kimea kimoja tu cha msingi: Maris Otter, shayiri ya Kiingereza inayolimwa tangu miaka ya 1960. Kilo 5 za kimea, mwishoni lita 23 za maji matamu kwenye ndoo ya kuchachushia, na haidromita, yaani kipimo cha sukari iliyomo kwenye maji hayo, ikisoma 1.049 au karibu na hapo kila mara. Kisha nikatamani bia nyepesi ya rangi ya dhahabu, nikanunua kimea cha Pilsner kutoka Ujerumani. Kilo 5 zilezile, maji yaleyale ya bomba, saa nzima ileile kwenye nyuzi joto 66. Haidromita ikasimama kwenye 1.041.

Nikalaumu kimea. Nilisema hakina sukari. Nilikosea, na kwa kuwa wengi wanaoanza husema hivyohivyo, naeleza hapa nilichokuja kukijua mifuko kadhaa baadaye.

Aliyewahi kuona togwa ikitengenezwa ameshaiona kazi hii. Uji mzito wa mahindi unapikwa, unaachwa upoe mpaka uwe vuguvugu, unatiwa unga wa kimea cha ulezi. Baada ya muda uji uleule umekuwa mwepesi na mtamu, kwa sababu vimeng'enya vya kimea vimeukatakata wanga kuwa sukari. Mama yangu, kule Songea, hakuwa na haja ya neno hilo. Alijua tu kwamba uji ukiwa bado wa moto sana kimea kinakufa na togwa haikolei. Shayiri iliyooteshwa inaleta vyote viwili katika punje moja, wanga na vimeng'enya. Tunapozungumzia ufanisi tunauliza jambo moja tu: katika sukari yote ambayo punje zingeweza kutoa, kiasi gani kimefika kwenye ndoo yako?

Hesabu yake si ngumu, na ndiyo iliyonifumbua macho. Kilo moja ya kimea kizuri cha msingi, kama kila kitu kingetoka, ingetoa alama 300 hivi za haidromita katika lita moja (alama ni tarakimu za baada ya nukta: 1.049 ni alama 49). Kilo 5 ni alama 1,500. Kwa Maris Otter nilipata alama 49 mara lita 23, yaani 1,127, sawa na asilimia 75. Karatasi ya vipimo ya ile Pilsner ilionyesha alama 305 kwa kilo, yaani 1,525 kwa jumla. Nilipata 41 mara 23, ambazo ni 943. Asilimia 62! Kwa hiyo kimea nilichokilaumu kilikuwa na sukari zaidi kidogo kuliko kile nilichokisifu. Vimea vya msingi vilivyo vizuri hupishana kwa asilimia mbili tatu tu kwenye karatasi, na mimi nilikuwa nimepoteza 13. Sukari ilikuwemo, nikaiacha kwenye machicha.

Niliyarudia machicha yenyewe, nikachota kiganja kimoja na kuyatazama kwenye mwanga wa dirisha. Punje nzima zilikuwa nyingi. Niliitafuna moja, nikakuta unga mweupe ndani haujaguswa na maji. Punje za Maris Otter nilizokuwa nazo zilikuwa nene, na kinu changu cha mkono, chenye mwanya wa milimita 1.2 kati ya roli zake za chuma zinazozunguka, kilizivunja vizuri. Za mfuko huu mpya zilikuwa nyembamba, zikapita katikati ya roli kama mtu anayepita mlango ulio wazi. Hapa ndipo aina ya kimea inapoanza kugusa ufanisi kweli: kwenye umbo la punje. Nilibana mwanya hadi milimita 1.0, nikiupima kwa vile vibati vyembamba ambavyo mafundi wa magari hupimia mwanya wa plagi. Pika iliyofuata ilitoa 1.046.

Usibane kupita kiasi lakini. Tunataka kupaaza, si kusaga unga: punje ipasuke kuwa chenga, na ganda lake libaki zima kadiri inavyowezekana, kwa sababu maganda hayo ndiyo chujio. Ukiyasaga, maji hayashuki. Ngano ni kesi yake peke yake. Haina ganda kabisa, punje zake ni ndogo na ngumu. Mimi huisaga mbali na shayiri, kwa milimita 0.9, na ikifika nusu ya kimea chote huchanganya maganda ya mpunga yaliyooshwa ili maji yapate njia. Na unaposuuza machicha, fanya kama mkamuaji wa nazi: tui la kwanza ni zito, la pili ni jepesi, lakini la pili nalo lina kazi. Mimina maji ya kusuuzia polepole.

Bado nilikuwa mbali na 1.049, na sababu ya pili ilinichukua muda mrefu zaidi kuiona, maana iko kwenye maji. Maji ya London hutoka kwenye ardhi ya chokaa. Tazama tu birika lako. Maji kama hayo hupandisha pH ya mchanganyiko wa kimea (pH ni kipimo cha asidi: ikipanda, asidi imepungua), wakati vimeng'enya hufanya kazi vizuri kati ya 5.2 na 5.6. Kimea kadiri kilivyokaushwa kwa joto kali na kupata rangi ndivyo kinavyoleta asidi yake na kuishusha pH. Cha Pilsner, cheupe kuliko vyote, hakina asidi ya kutosha kupambana na chokaa. Nilipima mchanganyiko wake uliopoa nikapata 6.0. Kimea cha Munich, chenye rangi zaidi, kwa maji yaleyale, kilinipa 5.6 bila kukiongezea chochote. Ndiyo maana London ilijulikana kwa bia nyeusi, na bia ya dhahabu ilizaliwa Plzeň, mji wa Ucheki, mwaka 1842, kwenye maji laini. Kwa kuongeza asidi ya laktiki mililita chache, hadi pH 5.4, Pilsner yangu ilifika 1.050. Asilimia 75, sawa na mwanzo. Tena ule ukakasi uliokuwa ukibaki ulimini ukapotea.

Munich nayo ina tabia yake. Joto la kukaushia limeua sehemu ya vimeng'enya vyake, vilivyobaki vinautosha wanga wake, ila havina haraka. Tone la ayodini kwenye kisahani cheupe ndilo saa yangu: likigeuka buluu iliyokoza, wanga bado upo, subiri. Kwa Munich tupu mimi husubiri dakika 90. Kimea cheupe cha Marekani kiko upande wa pili, kina vimeng'enya vingi kuliko mahitaji yake, na ukitaka kutia mahindi au mchele uliopikwa, hicho ndicho cha kununua.

Binamu yangu wa Mwanza aliniuliza kama anaweza kufanya haya yote kwa mtama uliooteshwa badala ya shayiri. Anaweza, ila si kwa kuloweka mara moja kwenye nyuzi joto 66. Wanga wa shayiri hulainika kabla ya hapo. Wa mtama huhitaji kama 70 na zaidi, joto ambalo huua vimeng'enya upesi. Nilimwambia afuate njia ya togwa: aloweke kimea kwenye maji ya vuguvugu, achote maji ya juu yenye vimeng'enya na kuyaweka kando, apike chenga zilizobaki ziwe uji, zipoe hadi 65, ndipo ayarudishe yale maji.

Jikoni nina mfuko wa kimea cha Vienna ambao sijaufungua. Jumamosi nitamwaga punje kiganjani kwanza, nizilinganishe na za Pilsner kwa unene, nisage gramu 100 tu na kuhesabu zilizopita nzima. Zikizidi mbili tatu, nabana kinu kabla ya kuwasha jiko.