Konstebo, shuka kwenye difenda

Juzi usiku nilipita njia ya Morogoro kwenda Dodoma nikakuta fuso limeharibika, na difenda yetu ya polisi imeegeshwa nyuma yake, imelikaribia mno. Vimulimuli vinazunguka. Kwenye mabenchi ya nyuma, makonstebo vijana watatu wa kutoka depo, yaani chuo cha polisi, wamejikunyata, nyuso zinang'aa kwa mwanga wa simu. Niliwashusha wote. Walinuna. Niliyotaka kuwaambia ni haya, na upepo haukuniruhusu.

1. Difenda ikisimama barabarani, watu wanashuka, wanavuka mtaro. Wala msisimame mbele yake, maana ikigongwa ndiko itakakokwenda. Lori la kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kushtuka, mita 33 zimekwisha kabla mguu haujagusa breki. Na aliyeendesha tangu alfajiri hashtuki upesi hivyo.

2. Pembetatu za tahadhari kwanza, daftari baadaye. Zipangeni barabarani, mbali nyuma ya difenda, na kama hamna, kateni matawi.

Hili limenigharimu. Nilikuwa koplo, kiongozi wa doria, na trela lilikuwa limekatika ekseli karibu na Gairo. Mnaijua baridi ya Gairo. Niliegesha mita tano nyuma ya trela, tairi zimenyooka, nikaamini vimulimuli vinatosha. Pembetatu zilikuwa chini ya benchi, zimelaliwa na jeki na koleo, na sikutaka kuinama kuzitafuta. Konstebo wangu, mwezi wa tatu tangu atoke depo, alikuwa anatetemeka. Nikamwambia, "Panda nyuma, andikia humo, upepo utakukata." Akajibu, "Ndiyo, afande," akapanda.

Mimi nilikuwa ng'ambo ya mtaro naongea na utingo. Sikusikia breki, nilisikia kishindo. Nilipogeuka difenda ilikuwa fupi, imebanwa kati ya trela na lori lililotoka nyuma. Dereva wa lori alisema aliona taa, akadhani gari linatembea. Nilimwamini. Usiku, taa peke yake haimwambii mtu kama gari linakwenda au limesimama. Ile pembetatu iliyokuwa chini ya benchi ndiyo ingemwambia.

Tulimtoa kijana baada ya dakika arobaini. Jeki ilikuwa imeruka ikamvunja goti, na benchi limeubana mguu huohuo. Daftari nililiokota chini, kalamu ikiwa katikati ya kurasa. Alikuwa ameandika tarehe, saa, kisha "Nikiwa doria na Koplo", na jina langu hakulifikia. Hospitali walitaka PF3, fomu ya polisi ya majeruhi. Nimewaandikia watu PF3 nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, lakini ile ya kijana wangu mkono uligoma. Nilipofika pa kueleza alivyoumia niliandika "ajali ya gari", nikijua aliumia kwa amri yangu. Leo anatembea kwa gongo, yuko ofisini, na kila sikukuu yeye ndiye hunitangulia kupiga simu.

3. Vya nyuma vifungwe kwa kamba: jeki, koleo, spea, madumu. Marekani walijifunza hili kwa moto. Gari lao la doria, Ford Crown Victoria, tanki lake lilikaa nyuma ya ekseli, jirani na buti. Likigongwa nyuma kwa kasi, vyuma vya ekseli au mizigo ya buti viliweza kutoboa tanki, na askari waliungua humo ndani. Mwaka 2002 Ford ilianza kuyafungia matanki hayo kinga. Baadaye ikatengeneza magari ya polisi ya kuhimili kugongwa nyuma kwa kama kilomita 120 kwa saa. Sasa tazama benchi la difenda, halina hata mkanda, halafu uniambie umekaa pazuri.

4. Acheni nafasi ya kutosha mbele, na mkate usukani kuelekea mtaroni. Fundi yuko chini ya fuso, ana watoto kama ninyi mlivyo watoto wa watu.

5. Unayekaa mbele, pandisha kiegemeo kifike usawa wa kichwa. Shingo haina spea.

6. Reflekta ivaliwe juu ya koti. Nimewaona mnaivaa ndani ili koti lisichafuke!

Najua mtaniambia baridi. Kwenye kabati la zamu nimeweka makoti manne mazito na chupa mbili za chai. Funguo anazo sajenti wa zamu, nimeshamwambia awape bila maswali.