Simuleta Inazimika Ndege Ikikaribia Kutua: Je, Niongeze RAM?

SWALI: Ninatumia Flight Simulator X (FSX), simuleta ya kurusha ndege ya Microsoft, yenye Service Pack 2, yaani sasisho lake la pili, kwenye kompyuta ya Windows 10 ya biti 64, yenye RAM ya GB 16 na kadi ya michoro ya kisasa. Safari fupi hazina tatizo. Ninaporuka kutoka Madrid kwenda Heathrow kwa ndege kubwa ya kununua, nikiwa na mandhari ya ziada ya London, simuleta hujizima nikikaribia kutua na kudai kwamba kumbukumbu ya kompyuta imekwisha. Mara nyingine huanguka nikifungua menyu tu, na kijiti cha kurushia hufa ninaporejea baada ya kusimamisha safari kwa muda. Faili la mipangilio, fsx.cfg, nililinakili kutoka kwa rafiki yangu, ambaye kwake linafanya kazi vizuri sana. Je, niongeze RAM ifike GB 32, au nifute kila kitu na kusakinisha upya?

JIBU: Fedha ya RAM iache mfukoni kwanza. GB 16 ulizo nazo ni nyingi kuliko simuleta hii itakavyoweza kuzitumia, na ukiongeza nyingine 16 ujumbe ule ule utakutokea pale pale juu ya London. Kusakinisha upya nako kuna wakati wake, lakini wakati huo haujafika, kwa sababu ulichoeleza ni hitilafu tatu zisizohusiana, na anayefuta kila kitu kwa mkupuo hupoteza ushahidi wa zote tatu.

Flight Simulator X ilitoka Oktoba 2006 ikiwa programu ya biti 32, na ilikuwa bado hivyo Aces, studio iliyoitengeneza, ilipofungwa Januari 2009. Programu ya biti 32 huhesabu anwani za kumbukumbu kwa namba yenye tarakimu 32 za sifuri na moja, na kwa namba hizo haiwezi kuzitambua anwani zaidi ya 4,294,967,296, yaani GB 4. Kwa kawaida Windows huipa programu ya aina hiyo nusu tu, GB 2. Ile inayotangaza ndani yake kwamba inamudu anwani za juu hupewa GB 4 zote, mradi Windows yenyewe iwe ya biti 64. Service Pack 2 iliiwekea simuleta tangazo hilo, kwa hiyo wewe umeshafika kwenye kiwango cha juu kabisa. Ndani ya GB 4 hizo lazima vienee ndege, ardhi, majengo, mawingu, sauti, programu za nyongeza, pamoja na maktaba za Windows zinazopakiwa nazo. Zikijaa, ujumbe unaotokea husema kwamba kumbukumbu ya kompyuta imekwisha, na kauli hiyo imewaponza wengi dukani. Kilichokwisha ni nafasi ya anwani ya programu moja, huku sehemu kubwa ya RAM ikiwa haina kazi.

Simuleta inaweza pia kuanguka kabla nafasi hiyo haijajaa kabisa. Kadiri safari inavyoendelea, vitu hupakiwa na kuondolewa, na mapengo yanayobaki hutawanyika. Faili kubwa la picha linahitaji nafasi moja iliyoungana. Ni kama kitambaa kilichokatwakatwa, ambacho vipande vyake vyote vikijumlishwa vinatosha shuka, lakini hakuna kipande kimoja kinachoweza kulifunika godoro. Ndiyo maana safari ndefu huanguka na fupi haianguki, hata kama kiwanja cha kutua ni kile kile.

Kabla ya kubadilisha chochote, pima. Safu ya kumbukumbu unayoiona kwenye Task Manager haikusaidii hapa, kwa kuwa inaonyesha RAM inayotumika na si nafasi ya anwani. Pakua Process Explorer, programu ya bure ya Microsoft kutoka mkusanyiko wa Sysinternals, kisha uongeze safu inayoitwa Virtual Size na uangalie mstari wa fsx.exe, yaani simuleta yenyewe. Thamani huandikwa kwa kilobaiti, hivyo dari lako ni 4,194,304. Soma namba hiyo ndege ikiwa bado imeegeshwa Madrid, uisome tena ukiwa juu umetulia, na mara ya tatu unapoanza kushuka. Namba tatu hizo zitakuambia mengi kuliko mabaraza yote ya mtandaoni: ikiwa unaondoka Madrid tayari umevuka GB 3, mzigo wako ni mkubwa tangu mwanzo na unapaswa kupunguzwa, ikiwa unaondoka ukiwa chini ya hapo na namba inaruka ghafla kwenye kushuka, basi mandhari ya London ndiyo inayokula.

Sasa tuje kwenye faili la rafiki yako, ambalo ndilo ninalolishuku zaidi. Andika %APPDATA%\Microsoft\FSX kwenye kisanduku cha anwani cha kidirisha cha folda, utafute fsx.cfg, na ulibadilishe jina liwe fsx.zamani. Usilifute. Simuleta ikiwashwa itajiundia faili jipya linalolingana na kompyuta yako, na utalazimika tu kupanga tena ubora wa picha. Kisha yafungue mafaili yote mawili kwa Notepad na uyalinganishe.

Mstari wa kwanza wa kuutazama ni TEXTURE_MAX_LOAD, katika sehemu ya GRAPHICS. Simuleta yenyewe huweka 1024. Wapenzi wa picha safi huweka 4096. Picha ya nukta 1024 kwa 1024 isiyobanwa, kwa baiti nne kila nukta, inachukua MB 4. Ya 4096 kwa 4096 inachukua MB 64, mara kumi na sita. Picha nyingi hubanwa, kwa hiyo hasara halisi huwa ndogo kuliko hiyo, lakini uwiano haubadiliki, na ndege yako moja inaweza kuvaa picha kadhaa za aina hiyo, huku ndege nyingine zilizoegeshwa Heathrow nazo zikiwa na za kwao. Mstari wa pili ni LOD_RADIUS, katika sehemu ya TERRAIN, unaoamua ardhi ichorwe kwa undani hadi umbali gani kutoka kwenye ndege. Kiwango cha juu kinachopatikana kwenye mipangilio ya kawaida ni 4.5. Ukikuta 6.5, kumbuka kwamba eneo hukua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo simuleta inabeba ardhi ya kina zaidi ya mara mbili. Tena kuna jambo linalowachanganya watu: ukifungua ukurasa wa mipangilio ya picha na kubadilisha kitu, simuleta hurudisha thamani hizi mbili kwenye viwango vyake bila kukuarifu. Hitilafu hutoweka, mtu akasifu dawa nyingine aliyoijaribu siku hiyo, kisha akabandika tena faili la rafiki na maradhi yakarudi.

Humo humo unaweza kukuta AffinityMask=14 katika sehemu ya JOBSCHEDULER. Namba 14 ikiandikwa kwa sifuri na moja ni 1110, yaani tumia viini vitatu vya prosesa na uache cha kwanza. Hiyo ina maana kwenye prosesa ya viini vinne. Kwenye ya viini vinane inaviacha vitano bila kazi. Mstari huo hauhusiki na kumbukumbu, ila unaonyesha kwamba faili hilo lilishonwa kwa kompyuta nyingine. Sehemu ya BUFFERPOOLS yenye UsePools=0 ningeiondoa pia, kwani kwa baadhi ya kadi za michoro huleta picha zinazomweka na kuanguka kusikoeleweka. Mstari mmoja tu wa kuongezwa kwa mkono ndio ninaoutetea, nao ni HIGHMEMFIX=1 katika sehemu ya GRAPHICS, ambao huzuia picha na vipimo vya chumba cha rubani kugeuka vyeusi mzigo unapokuwa mkubwa. Hauongezi nafasi hata kilobaiti moja, ingawa wapo wanaouuza kwa sifa hiyo.

Ukishamaliza hapo, zima kwenye maktaba ya mandhari maeneo yote usiyoyarukia siku hiyo, upunguze idadi ya ndege za trafiki, kisha upime tena namba tatu zile. Badilisha kitu kimoja kwa kila safari. Ukibadilisha vinne pamoja hutajua ni kipi kilichosaidia. Na kama bado unagonga dari, ipo njia isiyopendeza lakini inayofanya kazi: hifadhi safari kabla ya kuanza kushuka, funga simuleta kabisa, iwashe tena na uifungue safari hiyo. Nafasi ya anwani huanza upya bila mabaki ya Madrid. Hakikisha kwanza kwamba ndege yako inahifadhi hali ya mitambo yake, kwa maana nyingine huamka injini zikiwa zimezimwa.

Kuanguka kwa menyu ni kesi nyingine. Fungua Event Viewer, uingie kwenye rekodi za matukio za Windows (Windows Logs) upande wa Application, utafute tukio jekundu linalotaja fsx.exe kwa saa ile simuleta ilipoanguka, na usome jina la moduli, yaani kipande cha programu, iliyokosea. Likiwa uiautomationcore.dll, moja ya maktaba za Windows, umekutana na hitilafu inayojulikana tangu enzi za Windows 7, ambayo hujitokeza baada ya menyu kufunguliwa mara nyingi. Wakati huo tiba iliyozoeleka ilikuwa kuweka kwenye folda kuu ya simuleta nakala ya faili hilo kutoka Windows Vista, toleo 6.0.5840.16386. Binafsi siwashauri watu kuokota mafaili ya dll kwenye tovuti wasizozijua; ni salama zaidi kuvipa vitufe vya kibodi kazi unazozifuata kwenye menyu, kama kubadilisha mwonekano au kuita gari la kusukuma ndege. Likitajwa jina la moduli ya nyongeza, nenda kwenye folda ile ile ya fsx.cfg, ulibadilishe jina faili la dll.xml ili nyongeza zote zisipakiwe, ujaribu, kisha uzirudishe moja moja.

Kijiti kinachokufa ni suala la umeme wa USB. Katika Device Manager, fungua kila kifaa kinachoitwa USB Root Hub, uende kwenye ukurasa wa usimamizi wa nishati, na uondoe alama inayoiruhusu Windows kukizima ili kuokoa umeme. Uchomeke kijiti kwenye tundu lile lile kila siku, kwa kuwa simuleta ikikiona kama kifaa kipya hukipangia kazi upya kwa viwango vyake, na usipokagua utajikuta kanyagio na kijiti vyote vinagombania usukani wa mkia.

Ukilazimika kusakinisha upya baada ya yote hayo, usiiweke simuleta ndani ya Program Files (x86). Tangu Vista, Windows inaweza kuizuia programu ya zamani kuandika humo na kuelekeza maandishi yake kimyakimya kwenye folda ya VirtualStore, hata ukawa unahariri faili moja huku programu ikisoma jingine. Folda kama C:\FSX inatosha. Weka simuleta, iwashe mara moja, weka Service Pack 1, iwashe, weka ya 2, iwashe tena, ndipo zifuate nyongeza.

Na kama hukubali kupunguza chochote, si London wala ndege, basi utahitaji simuleta ya biti 64, kama vile Prepar3D kuanzia toleo la 4 la mwaka 2017, au Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020. Moduli zilizoandikwa kwa biti 32 hazitapakiwa humo, kwa hiyo muulize mtengenezaji wa ndege yako kama ana toleo jipya, na kama wateja wa zamani wanapunguziwa, kabla hujalipia simuleta yenyewe.