Vifaranga na kware kwenye baridi yetu: maswali yenu

Shikamoo mama, niko Uyole. Vifaranga wananifia wiki ya kwanza, nimewapa antibiotiki na vitamini ila bado wanakufa tu. Shida nini?

Marahaba mwanangu. Pole sana. Kabla hujanunua dawa nyingine angalia joto, mana Mbeya ya Juni na Julai usiku sio mchezo na kifaranga wa siku moja hawezi kujipasha mwenyewe. Wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 mpaka 35, afu unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki, na thamomita iwekwe chini usawa wa migongo yao sio juu ukutani. Wenyewe pia wanakwambia: wakirundikana chini ya taa na kulia wana baridi, wakikimbilia pembeni wanahema midomo wazi joto limezidi, wakitawanyika wanakula basi umepatia. Bruda, yaani pale unapowalelea vifaranga na joto, iwe ya duara, kwenye kona ndo wanapandiana usiku wanakosa hewa, asubuhi unakuta wamelaliana wamekufa. Chini mwaga maranda makavu ya kutosha, nyie wa Mafinga kwenye mbao nyingi hamna kisingizio hapo. Na kama unatumia jiko la mkaa, uwashe nje mpaka uwe mwekundu kabisa ndo uingize, juu uache hewa ipite, ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua vifaranga na mtu pia, kwa hiyo usilale humo jamani, nawaomba.

Nina mashine ndogo ya kutotolesha mayai, Njombe. Naweza kuweka mayai ya kuku na kware pamoja? Na umeme ukikatika?

Inawezekana. Kuku ni siku 21, kware 17 au 18, kwa hiyo weka ya kuku kwanza, ya kware yafuate baada ya siku 3 hivi ili watotolewe pamoja. Mashine ya feni weka nyuzi 37.5, geuza mayai angalau mara 3 kwa siku, siku 3 za mwisho acha kugeuza na uongeze maji. Umeme ukikata usifungue fungue mlango, funika blanketi ila matundu ya hewa uyaache, saa moja au mbili mayai yanavumilia. Na usiweke mayai yaliyokaa zaidi ya siku 7, utalia bure.

Mdondo (kideri, Newcastle), Makambako: nichanje kuku lini?

Siku ya 7, rudia siku ya 21, baada ya hapo kila miezi 3 bila kuruka. Mdondo hauna dawa, ukishaingia bandani umeingia. Chanjo ya tone jichoni ni tone moja tu kila kuku, ile ya kwenye maji tumia maji yasiyo na klorini na wayamalize ndani ya saa 2. Anayeumwa usimchanje.

Vifaranga vya kware vinazama kwenye maji, Tukuyu.

Jaza kokoto safi kwenye sahani ya maji, kibaki kina cha kuchovya mdomo tu. Na chakula cha vifaranga vya kuku peke yake hakiwatoshi, kware wanataka protini kama asilimia 24 na kuendelea, ongezea dagaa waliosagwa laini kabisa mana midomo yao ni midogo.