Elektrodi imepakwa, imechovywa au imeoteshwa utando?

Swali: Naandika ripoti ya maabara kuhusu superkapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme) ya polianilini, ile polima inayopitisha umeme. Niseme elektrodi (kipande kinachoingiza na kutoa umeme) "imepakwa" polima au "imevikwa"? Na kile kilichoganda juu yake nikiite ganda, tabaka au utando?

Jibu: Inategemea kimefikaje pale. Msomaji ataijua mbinu yako kwa kitenzi, na "kuvika" hakimwambii chochote. Kiachie pete na mashada.

Ukichanganya unga wa polianilini na masizi na gundi, kwa kawaida 80:10:10 kwa uzito, ukaongeza kiyeyusho hadi ukawa uji mzito, kisha ukausambaza juu ya bati la chuma cha pua, hapo umepaka. Sarufi yake ni ile ya ukuta na rangi: "nimeipaka elektrodi polima", "elektrodi imepakwa polima". Usiandike "imepakaziwa", mtaani aliyepakaziwa ni mtu aliyesingiziwa.

Ukiitumbukiza katika polima iliyokwisha kuyeyushwa, ukaitoa ikakauka, umechovya. Kitenzi hiki kina mtego, maana "cheni ya kuchovya" ya sonara mara nyingi imepitishwa umeme pia. Kwenye ripoti, taja kama umeme ulitumika.

Nadhani wewe umetumia njia ya tatu. Unayeyusha anilini (molekuli zinazoungana kuwa polianilini) gramu 0.93 katika asidi ya salfuriki ya 0.5 M (moli 0.5 kwa lita) hadi ujazo ufike mililita 100 (vaa glavu, anilini hupenya ngozi), unatumbukiza elektrodi ya grafiti, unapandisha na kushusha volti kati ya −0.2 na 0.9 dhidi ya elektrodi rejea (ya kulinganishia volti) ya fedha na kloridi ya fedha, kwa kasi ya milivolti 50 kwa sekunde. Polima inaanzia palepale kwenye uso wa elektrodi, inanenepa kila mzunguko, na ukijani unazidi kukolea. Hakuna aliyeipaka. Imeota. Andika: "utando wa polianilini umeoteshwa juu ya grafiti kwa mizunguko 20."

Naam, utando. Neno limetoka kwenye kutanda, kama ule wa juu ya maziwa yaliyopoa: mwembamba, umeenea uso mzima. Ganda ni gumu na hufungia kilicho ndani, ilhali hapa ayoni (chembe zenye chaji) lazima ziingie na kutoka, la sivyo hakuna chaji itakayohifadhiwa. Tabaka litumie pale tu unapoyahesabu. Wingi wa utando ni tando: tando hizi, si "mautando".

Kwenye sehemu ya kasoro, tofautisha kubanduka na kubambuka. Utando hubanduka kipande kizima pale grafiti ilipokuwa na mafuta, haikusuguliwa wala kusuuzwa vizuri. Hubambuka vipande vipande, kama gome la mti, baada ya kuchajiwa mara nyingi, kwa sababu kila ayoni zikiingia unavimba na zikitoka unasinyaa, mwisho unapata nyufa. Usiandike kuwa "umeungua" kwa sababu tu volti ilizidi. Hakuna moto hapo: umeoksidishwa (umenyang'anywa elektroni) kupita kiasi, minyororo ya polima imekatika na umeme haupiti vizuri tena. Ndiyo maana wengi hufika volti 0.9 kwenye mizunguko ya mwanzo tu, ili polima ianze kuota, kisha hushusha kikomo hadi karibu 0.8.