Muulize Kocha: Nitoke mkekani niende ulingo wa majuu?

*Kocha, salamu sana. Niko Kondele, miaka 23, nacheza mieleka ya fristaili kilo 97, mashindano ya taifa nimewahi kupata shaba. Mchana naosha magari, jioni niko mkekani. Nilikuwa nangoja Commonwealth ya Glasgow 2026 alafu nikasikia mieleka imetolewa kwa orodha ya michezo, nilikaa siku mbili bila kuongea na mtu. Sasa kuna jamaa amenitafuta WhatsApp, ameona video zangu, anasema kuna kampuni ya mieleka ya kulipwa Marekani inataka watu wa saizi yangu, nitume elfu sitini na tano ya fomu na visa, na pasipoti nimpelekee Nairobi. Nina maswali mawili. Hii njia iko kweli? Na kama iko, huu mchezo wangu utanisaidia ama naanza sufuri? Marafiki wananicheka ati naenda kuigiza.* — Mwanamieleka, Kondele

Kijana wangu, usitume hio pesa. Naanza na hilo kabla ya salamu juu barua yako imenifikia ikiwa na siku kadhaa na naomba tu iwe bado iko mfukoni mwako.

Visa ya mwanamieleka kwenda kufanya kazi Marekani, ile ya P-1 ama O-1, haianzii kwako. Kampuni ama wakala aliye huko Marekani ndio anapeleka maombi kwa idara yao ya uhamiaji, yakikubaliwa ndio wewe unaenda ubalozini Nairobi unasimama mbele ya dirisha unajibu maswali mwenyewe. Hakuna mahali kwa hio safari mtu wa WhatsApp anakaa na pasipoti yako. Muulize jina la kampuni, alafu tafuta wewe mwenyewe namba ya hio kampuni, sio ile atakutumia yeye, piga uulize kama wanamjua. Akisema ni wakala wa ajira wa hapa Kenya, mawakala wa ajira wanasajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ile NEA, na wenye leseni wanaonekana kwa tovuti yao, kama jina lake halipo basi maongezi yameisha. Nilikuwa na kijana hapa kwa ukumbi wetu, miguu yake ilikuwa na kasi sijaona tena, baba yake akauza ng'ombe wawili wakamlipa mtu kama huyo wako. Alifika nchi moja ya Ghuba akawekwa kubeba mizigo kwa stoo miezi kumi na moja, ulingo hakuuona hata siku moja. Alirudi lakini mkeka hajaugusa tena. Nikipita kwao Ahero huwa naona aibu, juu nilijua anaondoka nikamtakia safari njema tu, sikumuuliza swali hata moja.

Haya, sasa mchezo wenyewe, hapo ndio moyo wangu uko.

Hao marafiki waambie ukweli: ndio, kule mshindi anajulikana kabla ya kengele, kuna stelingi na kuna adui na kila mtu anajua kazi yake usiku huo. Lakini kuanguka sio kwa kuigiza. Ulingo ni mbao juu ya vyuma, juu yake povu jembamba, alafu turubai. Ukianguka pale umeanguka. Na hapa ndio mwanamieleka wa mkekani anapata shida kuliko hata mtu ambaye hajawahi kucheza chochote. Tangu uko mtoto kocha wako anakupigia kelele mgongo usiguse chini, mabega mawili yakibanwa mkekani umeisha, mpaka ukilala usingizi nadhani unalala kwa tumbo. Sasa kule kazi ya kwanza wanakufundisha ni kutoa huo mgongo kwa hiari yako, mara hamsini kwa asubuhi moja. Wenyewe wanaita bampu. Mwili wako utakataa, utageuka hewani wenyewe kama paka, na ukigeuka vibaya unatua na bega ama na shingo.

Nakuonyesha venye mimi naifundisha, uanze hata kesho. Weka ndimu chini ya kidevu chako, uibane na kifua. Chuchumaa, mikono imekunjwa mbele. Jiachilie nyuma, usikae na makalio, tua na mgongo wote wa juu kwa wakati mmoja, bega na bega, na viganja vyote viwili vipige mkeka kandokando wakati huohuo, sio kabla sio baadaye, na utoe pumzi yote, haah. Ndimu ikianguka unarudia. Ndimu ikianguka maana yake kidevu kimeachia, na kidevu kikiachia kisogo ndio kinapiga chini. Mimi hio nilijifunza vibaya. Kuna mtu alituchukua sisi watatu zamani kwenda kufanya onyesho Nakuru, hakuna aliyetufundisha kuanguka, tuliambiwa tu nyinyi ni wanamieleka mnajua. Nilirushwa nikatua na kisogo, nilimaliza pambano lakini sikumbuki nilimalizaje, na siku mbili nzima mwanga wa dirisha ulikuwa unaniumiza macho. Pesa pia hatukulipwa, ila hio ndio ndogo.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui ni hiki. Mwenzako akikuinua kichwa kikiangalia chini, shingo yako iko kwa mikono yake, wewe huna la kufanya. Kwa hivo kule jina zuri kwa chumba cha kubadilishia nguo ni la yule ambaye watu wanapigana naye wanarudi nyumbani wazima. Kwa mkeka unashika mtu asitoke, kwa ulingo unamshika asiumie huku watu elfu kumi wanaona kama unamuua, na hio kijana wangu ni kazi ngumu na ni ya heshima, sitaki mtu akuchekee.

Itakusaidia? Sana. Shingo uko nayo, kiuno, pumzi, na kujua uzito wa mtu uko wapi kwa kumgusa tu, hio haifundishwi kwa wiki. Ile kumbeba mtu kiunoni na kumrusha nyuma ilitoka mkekani, hawakuibuni wao. Kurt Angle alichukua dhahabu ya Olimpiki ya Atlanta 1996, fristaili kilo 100, akaingia huko 1998 na mechi yake ya kwanza kubwa kwa TV ni Novemba 1999. Brock Lesnar alikuwa bingwa wa vyuo vya Marekani uzito wa juu mwaka 2000, wakampeleka kwanza Louisville kujifunza, TV kuu akaonekana 2002. Mjapani Jumbo Tsuruta alicheza Olimpiki ya Munich 1972, na kampuni iliyomchukua ikampeleka mpaka Amarillo, Texas, akafundishwe upya. Angalia hio miaka. Wote walikuwa juu kwa mkeka na bado walikaa darasani. Alafu angalia Gable Steveson, dhahabu ya Tokyo kilo 125, 2021 alitia saini na WWE, ile kampuni kubwa ya mieleka ya kulipwa ya Marekani, kila mtu akasema huyu ndio Lesnar mwingine, 2024 wakaachana naye. Akarudi chuo kucheza mkekani, 2025 akafika fainali ya vyuo akapoteza. Mimi simhesabu kuwa amefeli, na ukumbuke mlango wa kurudi mkekani ulikuwa wazi. Lakini inakuonyesha kuangusha watu sio kila kitu, lazima mtu wa kiti cha mwisho kabisa akuelewe bila wewe kusema neno, na siku ukipewa maiki useme neno. Nenda soko la Kibuye Jumapili usimame karibu na wauza mitumba. Yule ambaye watu wanasimama kwake hata kama hawanunui, muangalie mikono, muangalie venye ananyamaza kabla ya kutaja bei. Hio ni shule na ni ya bure.

Na fikiria mapema utakubali kuwa nani. Kofi Kingston amezaliwa Ghana lakini alipoanza WWE walimtangaza kama Mjamaika, baadaye hio ikaachwa na 2019 akawa bingwa wao. The Iron Sheik alikuwa mwanamieleka wa kweli kutoka Iran na kwa miaka mingi ulingoni watu walilipa kiingilio kuja kumzomea kwa sababu ya nchi yake. Wewe ukipewa uvae ngozi na mkuki useme umetoka msituni utafanya nini? Sikuambii ukatae kila kitu, kuwa adui ni kazi nzuri na wengine wanaifurahia, lakini jibu la hilo swali uwe nalo kabla hujafika kwa sababu ukishafika na kodi inadaiwa utakubali chochote.

Mkataba soma, ama tafuta wakili akusomee. Hata WWE wanamieleka wao hawahesabiwi kama waajiriwa, ni makandarasi wa kujitegemea, kwa hivo uliza bima ni ya nani, hoteli na usafiri ni wa nani, na ukivunjika mguu mwezi wa pili nani anakulipia tiketi ya kurudi. WWE walishafika Lagos 2023 kufanya majaribio kwa vijana wa Afrika, na Japani kuna kambi ambapo vijana wanalala hapohapo, wanapika, wanafagia, wanapiga squat mamia kwa mamia kabla ya kuruhusiwa pambano moja. Njia ziko. Hazipiti kwa huyo jamaa. Na usiache mkeka, ubingwa wa Afrika bado upo na Los Angeles 2028 bado ipo, medali yako yoyote ya nje inafanya hio visa iwe rahisi kuombewa.

*Mwalimu, mimi ni mama wa Khayega. Binti yangu ana miaka 19, anacheza mieleka, sasa anataka kuacha chuo cha ualimu ati aende kutafuta mieleka ya kulipwa ng'ambo. Majirani wanasema ataharibika. Mimi naogopa ataumia tu.* — Mama K.

Mama, pole na hizo usiku za kukosa usingizi. La majirani weka kando. Mieleka ya wanawake iko Olimpiki tangu Athens 2004, na Aprili 2019 pambano la mwisho la usiku wa WrestleMania, lile onyesho kubwa la WWE, lilikuwa la wanawake watatu, mmoja wao Ronda Rousey ambaye alikuwa ameshapata shaba ya judo Beijing 2008. Hakuna kuharibika hapo.

La kuumia ni kweli na sitakudanganya. Shingo, magoti na kichwa. Huyo Kurt Angle niliyemtaja juu alishinda dhahabu akiwa ameumia shingo, akaendelea kuiumiza kwa ulingo, na mwenyewe amesema wazi alifika mahali pa kutegemea dawa za maumivu. Kwa hivo swali la kumuuliza binti ni nani atamfundisha kuanguka, huyo mtu amefundisha nani kabla yake, na hao wako wapi leo, wanatembea vizuri? Akiweza kujibu kwa jina na kwa namba ya simu, kaa chini msikilize. Asipoweza, amalize chuo huku anafanya mazoezi, miaka 19 ni mdogo sana, nafasi anayo. Mlete ukumbini Kisumu Jumamosi moja, njoo naye wewe mwenyewe mama, ukae uone.

*Kocha, mimi na kaka zangu huwa tunarushana kwa godoro kama kwa TV. Niko na miaka 15, nianzie wapi?* — Free Area, Nakuru

Anzia kwa kuacha kurushana, leo. Hasa ile ya kuinua mtu kichwa chini, kati yenu hakuna anayejua kushika shingo ya mwenzake. Uliza mwalimu wa michezo wa shule yenu ni klabu gani ya mieleka ama judo iko karibu, zote mbili zinafundisha kuanguka kabla ya kuangusha. Mkingoja majibu, tafuteni ndimu moja, na msome hapo juu venye inabanwa.